Pumzi ya Guka Ndani ya Mfuko

Kuna harufu moja ambayo nikikutana nayo popote hunisimamisha: ngozi iliyolowa kwa ndani, ikachanganyika na nta na kitu kama asali iliyokaa sana kwenye chupa. Si harufu mbaya, ila si ya kumkaribisha mtu pia. Mwezi uliopita niliipata kwenye treni ya kwenda Victoria. Kijana aliyeketi mbele yangu alikuwa na sanduku jeusi miguuni, akalifungua kidogo kutafuta kitu, na papo hapo nikawa na miaka tisa tena, nimesimama nje ya mlango wa fleti yetu Thornton Heath, ufunguo mkononi, naogopa kuingia.

Ndani hakukuwa na jambazi wala mbwa. Alikuwemo nyanya yangu tu, mamake mama, ambaye tulimwita Shosho kama nyanya wengi wa kwetu wanavyoitwa. Alikuwa amekuja kutoka Nyeri baada ya kumzika Guka, babu yangu. Mama alikuwa mtoto wao wa pekee na hakutaka mamake abaki peke yake katika nyumba ile yenye baridi, kwa hiyo akamleta kwenye nyumba nyingine yenye baridi zaidi. Sanduku lake la safari lilikuwa na unga wa uji, majani chai, sweta mbili, na paipu ya Guka.

Paipu ndilo jina tulilotumia nyumbani. Ni ile zumari ya Waskoti: mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani, mrija wa kupulizia, filimbi ya kuchezea vidole, na mabomba matatu yanayolala begani yakiunguruma bila kupumzika. Usishangae imefikaje Nyeri. Kanisa la kwetu lilianzishwa na wamisionari Waskoti, nao wakaleta brigedi ya wavulana waliovaa sketi za mirabaraba na kupiga paipu. Waskoti wakaenda zao, paipu zikabaki. Utotoni mwa mama hakuna harusi ya maana wala mazishi ya mzee wa kanisa yaliyopita bila hiyo sauti. Mama mwenyewe alifika London mtu mzima, akamwona mzungu darajani amevaa sketi anapiga paipu mbele ya watalii, akamuuliza mwenzake kazini, kwa dhati kabisa, hawa nao walijifunzia wapi. Wanamcheka mpaka leo, naye huisimulia kila Krismasi kabla mtu mwingine hajaisimulia.

Guka alikuwa mpiga paipu tangu ujana hadi uzee. Alikufa Jumapili. Alikuwa amepiga kanisani asubuhi, akarudi nyumbani akaketi nje ya jikoni na kujaribu kipande kimoja ambacho vidole vilikuwa vimemkosesha mbele za watu. Akamwomba Shosho chai. Shosho alipokuwa akiimimina alisikia sauti ikiendelea, halafu ikawa nyembamba, halafu ikakatika kabla ya mwisho wa wimbo. Alipotoka na kikombe, mzee alikuwa ameinamisha kichwa na mfuko ulikuwa bado umejaa nusu chini ya mkono wake.

Kabla ya kuita mtu yeyote, Shosho aliziba mabomba yote kwa vitambaa. Nilimsikia akimweleza mama jambo hili jikoni kwetu, kwa sauti ya mtu anayeeleza alivyofunga gunia. Pumzi ya mwisho ya mumewe ilikuwa humo ndani, na yeye hakuona sababu ya kuiacha ipotee. Brigedi waliiomba paipu ile waipige kaburini. Akawakatalia.

Sasa nieleze tulivyolala. Fleti ilikuwa na vyumba viwili, mama kimoja, mimi na Shosho kingine. Mimi nimepewa jina lake, Wairimu, kwa hiyo aliniita wajina na kunitendea kama mtu wa rika lake, jambo lililonifurahisha mchana. Kati ya vitanda vyetu kulikuwa na kiti, na juu ya kiti aliketi Guka. Ndivyo Shosho alivyosema. Paipu iliwekwa pale imefunikwa leso hadi shingoni, mabomba yametokeza juu, na kila asubuhi ilisalimiwa kabla yangu.

Ningezoea leso na salamu. Sauti ndiyo iliyonishinda. Mama alikuwa mlezi wa wazee majumbani, anatoka alfajiri na kurudi usiku, hivyo nilijifungulia mlango nikitoka shule. Majira ya baridi London giza huingia saa kumi. Ukumbi wa ngazi ulikuwa na taa ya kujizima yenyewe, na mara nyingi ilizimika mimi nikiwa bado natafuta tundu la ufunguo. Hapo ndipo niliposikia. Kwanza mtu anavuta hewa, kwa taabu, kama aliyepanda mlima. Halafu mngurumo wa chini, bila wimbo, unaotetemesha mbao za mlango. Halafu kimya.

Nikifungua, Shosho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, uso umetulia. Mfuko ulikuwa kitini pake, umevimba vizuri chini ya leso.

“Guka ameshinda salama leo,” aliniambia.

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea watoto wa huku, kwamba nimefurahi. Kisha nikaenda kufanya kazi ya shule jikoni, nimewasha taa zote pamoja na ile ya jiko. Jirani wa chini alimuuliza mama kama tunafuga mbwa mgonjwa. Mama alicheka na kukana, lakini nilimwona akitazama mlango wa chumba chetu.

Naomba usinione mwoga. Wewe jaribu kulala kando ya kiti chenye pumzi za mtu aliyekwisha kuzikwa. Nilikuwa najilaza nikihesabu pumzi za Shosho, moja ndani, moja nje, na kila mara nilihisi kuna ya tatu. Nikaanza kusinzia darasani. Mwalimu akamwita mama.

“Mami, hii kitu itatuua,” mama alimwambia Shosho jioni hiyo. “Mtoto halali. Wewe huli. Hutoki nje hata kununua maziwa. Unaongea na begi.”

“Siongei na begi,” Shosho akasema. “Naongea na babako.”

Mama akaingia bafuni, akafungua maji kwa muda mrefu.

Miongoni mwa wazee aliowahudumia mama alikuwepo Mskoti mmoja aliyeitwa Mzee Duncan, asiyeondoka kitini ila kwa kubebwa. Mjukuu wake, Kirsty, alipiga paipu katika bendi ya nyimbo za kiasili iliyokuwa ziarani, mji huu leo, ule kesho, na ingefika London Jumamosi kwa onyesho la alasiri katika kanisa la zamani huko Peckham lililogeuzwa ukumbi. Mzee Duncan akatupatia tiketi. Mama akapanga na Kirsty kwa simu, nami niliyasikia yote kwa sababu kuta za fleti yetu hazikuweza kutunza siri: baada ya onyesho Kirsty angeichukua paipu, arudi nayo Uskoti, ampe mtoto anayejifunza. Shosho aliambiwa kwamba inakwenda kukaguliwa tu, kama mtu anavyopimwa presha.

Sikumwonya Shosho. Nilitaka iondoke. Lakini pia nilimpenda Shosho, na sikujua angebaki na nini.

Jumamosi ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Paipu haikuingia kwenye begi la magurudumu tulilotumia sokoni, maana mfuko ulikuwa umevimba. Mama akang’oa vile vitambaa kwenye mabomba, akaegemeza kifua chake juu ya mfuko na kuukandamiza. Ulitoa mguno mrefu, mrefu mno kwa mfuko wa ukubwa ule, ukaendelea kushuka mpaka ukaisha. Nilimtazama Shosho nikingojea mayowe. Ile si ndiyo pumzi ya mwisho ya Guka? Hakupiga mayowe. Alitazama dirishani tu.

“Ni hewa tu, Mami,” mama alisema, kama anayeomba radhi.

“Hata wewe ni hewa tu,” Shosho akamjibu, akaomba aletewe koti.

Tulibadilisha basi Brixton. Ukumbi ulikuwa mrefu, wenye dari ya juu na baridi ya kanisa ambayo haitoki hata likigeuzwa nini. Watu wengi walikuwa wazee wenye nywele nyeupe, glasi za bia mkononi, na walitupisha kwa adabu nyingi. Tuliketi safu ya katikati: mama, Shosho, halafu paipu kwenye kiti chake ikiwa bapa ndani ya leso, maana Shosho alikataa iwekwe sakafuni, halafu mimi. Tiketi ya nne ilikuwa ya Mzee Duncan, naye hakuweza kuja.

Bendi ikapanda. Kulikuwa na fidla, kodiani, gitaa, mtu wa ngoma, na Kirsty, msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu na paipu begani. Walipoanza tu nilisikia Shosho akishtuka.

“Hawa nao nani aliwafundisha?” alimuuliza mama.

“Mami, ni yao. Walituletea wao.”

“Mh,” Shosho akasema, kwa namna ya mtu ambaye hajasadiki ila hataki ugomvi hadharani. Baadaye kidogo akaongeza: “Huyo msichana anaharakisha.”

Lakini mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu. Tangu aje London sikuwahi kuona sehemu yoyote ya mwili wake ikicheza, na nilimgusa mama aone, naye alikuwa amekwisha kuona.

Karibu na mwisho wenzake wakashuka jukwaani na Kirsty akabaki peke yake. Alisema kwamba kisiwani kwao mpiga paipu akifa hupigiwa wimbo mmoja wa taratibu, na kwamba atatupigia huo kwa ajili ya mwalimu wake. Taa zikapunguzwa. Sijui niueleze vipi wimbo ule. Haukuwa na huzuni ya kulia. Ulikuwa kama mtu anayepita nje ya nyumba yako gizani, unasikia nyayo zake, unajua hatasimama. Shosho alinyoosha mikono juu ya kiti cha Guka akaishika yangu, yote miwili, na kuibana. Viganja vyake vilikuwa baridi.

Mpiga paipu hodari hukata sauti mara moja. Guka alijulikana kwa hilo, na Kirsty alikata hivyo hivyo, kama kwa kisu. Kimya kikaingia ukumbini.

Ndani ya kimya kile, mngurumo uliendelea.

Ulikuwa wa chini sana. Nilihisi kwanza kwenye mbao za kiti. Watu mbele yetu hawakugeuka, nadhani walidhani ni sehemu ya onyesho. Kirsty alitazama paipu yake mwenyewe, akaweka kiganja juu ya mabomba yake moja baada ya jingine, kisha akainua uso na kuangalia safu zetu. Mama alikuwa ameziba mdomo. Mimi sikuthubutu kutazama kiti cha kando yangu. Niliitazama mikono minne, miwili ya kwangu na miwili ya Shosho, iliyoshikana juu yake. Sauti ikawa nyembamba. Ikazidi kuwa nyembamba. Ikakatika, na hata mimi mtoto nilisikia kwamba haikuwa imefika mwisho.

Watu wakapiga makofi kwa nguvu. Shosho aliniachia mikono, akajifuta pua.

Baada ya onyesho Kirsty alikuja moja kwa moja tulipoketi. Alipiga magoti kwenye zulia, akafungua leso, akanusa mfuko. Akaubonyeza kwa kidole gumba hapa na pale. Akang’oa mrija wa kupulizia, akaingiza kidole, akakitoa na kukitazama. Kisha aliniambia mimi, maana alikwisha kuona kwamba Shosho hafuati Kiingereza chake, nimuulize bibi yangu ni nani anayeipiga.

Nikauliza. Mama alifungua mdomo kujibu, lakini Shosho alimtangulia.

“Mwambie ni mzee wangu.”

Nikamwambia Kirsty ni babu yangu. Akauliza yuko wapi, angependa kuongea naye. Nikasema amekufa, mwaka jana, amezikwa Nyeri. Nakumbuka sauti yangu ilivyotoka ndogo.

Kirsty akarudishia mrija mahali pake. Halafu alizungumza na mama polepole, akichagua maneno. Alisema paipu isiyopigwa hukauka. Ngozi inakuwa ngumu, inapasuka kwenye mishono, na matete ya ndani yanayotoa sauti yanajifunga. Hii ilikuwa laini, na ndani ina unyevu wa jana au juzi. Akamtazama Shosho usoni, kwa muda mrefu kuliko watu wa huku wanavyotazamana. Shosho naye akamtazama.

“Siwezi kuchukua paipu yenye mpigaji,” Kirsty akasema. Akaifunika leso hadi shingoni, vile vile hasa ilivyokuwa ikifunikwa nyumbani ingawa hakuna aliyemwonyesha, na kumrudishia Shosho mikononi.

Kwa hesabu yangu mtaalamu kutoka Uskoti alikuwa amethibitisha kila nilichokihofia: Guka alikuwa akija Thornton Heath kupiga paipu. Uso wa mama ulikuwa umebadilika, machozi yanamtoka, na nilijua ni kwa hofu hiyo hiyo.

“Mwambie anapiga vizuri,” Shosho aliniagiza. “Ila aache kuharakisha.”

Nilipofasiri, Kirsty alicheka huku anajifuta macho. Kwenye basi mama ndiye aliyeipakata paipu njia nzima. Hakuisema tena vibaya. Alianza kumpigia Shosho simu mchana akiwa kazini, na kila Jumapili alimtoa nje hata kama ni kuzunguka duka la mboga tu. Kiti kilibaki mahali pake na sauti iliendelea, ingawa haikuwa ya kila siku. Nami, usiniulize vipi, nikaanza kulala.

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoingia bendi ya paipu ya vijana Croydon. Siku ya kwanza mwalimu alitujazia mfuko, akauweka mezani, akatuambia tuutazame. Kabla hajamaliza kuita majina ulikuwa umelala. Akatueleza kwamba hakuna mfuko unaotunza pumzi, hata uzibwe vipi. Alisema pia kinachoilainisha ngozi ni unyevu wa mdomo wa mtu, na kwamba anayeanza hutoa kwanza mguno kama wa ng’ombe, kwa sababu hana nguvu za kufikisha wimbo.

Nilikaa pale na filimbi mapajani, nikasikia tena yule mtu aliyevuta hewa kwa taabu nyuma ya mlango wetu. Nikajua mama alilia kwa nini siku ile Peckham.

Nilimuuliza Shosho mwenyewe, miaka kadhaa baadaye, alipokuwa hatoki tena kitandani. Nilimuuliza kwa Kiswahili. Kwa jambo lile Kiingereza hakikunijia. Hakuona haya hata kidogo.

“Pumzi ya mzee iliishia kwenye ndege,” alisema. “Nilifungua sanduku nikaikuta imelala kama soksi. Sasa ulitaka nifanye nini, wajina? Nikae na mfuko mtupu?”

“Kwa hiyo ilikuwa pumzi yako.”

“Tumelala chumba kimoja na yule mzee tangu nikiwa msichana. Nani angezitenganisha?”

Niliinamisha kichwa kwenye blanketi lake nikalia. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimeiogopa pumzi ya mtu aliyenipenda kuliko wote, iliyokuwa ikisukumwa ndani ya ngozi kila alasiri na yeye mwenyewe, mwanamke mwenye kifua kibovu, peke yake katika nchi ya kigeni, akijitahidi kumaliza kabla mtoto hajatoka shule. Nilimwambia hivyo. Akanipapasa kichwa. Nikafuta uso, nikataka kumtania kidogo, nikamwambia basi kumbe hata Peckham alitushtua sisi sote na ukumbi mzima.

Mkono wake ulisimama juu ya nywele zangu.

“Peckham sikuipuliza mimi,” alisema. “Mamako aliikamua yote asubuhi, wewe ukiona. Na mikono yangu, wajina, siku ile ulikuwa nayo wewe.”